Bomba Lililovuja Mgongoni Mwangu

Mimi ni mtu wa kwanza kutoka kijiji chetu, na mpaka leo wa pekee, kurudi kutoka Uganda na diploma ya kilimo. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyonipata yalimpata mjinga. Nilisoma kwa kuuza nta ya nyuki na kuwapasulia kuni mapadre. Hakuna mjomba aliyenilipia, wala mtemi aliyenitaja kwa Wazungu. Niliposhuka kwenye garimoshi Tabora, nimevaa suti ya kijivu, watu wa mtaa wa Ng'ambo walitoka madukani kunitazama, nami nikapita polepole ili wanitazame vizuri.

Nawaandikia wanaobeba bomba la dawa mgongoni, na wake zao wanaofua mashati yao. Madaktari wataeleza dawa ile inafanya nini ndani ya mtu. Mimi nitaeleza kilichonipata, na nitaeleza aibu yangu pia, kwa sababu bila aibu hiyo habari yenyewe haieleweki. Sasa natembea. Mguu wa kushoto bado unapiga chini kama kofi, lakini natembea, na hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Shamba la majaribio lilikuwa nje ya mji, kando ya njia ileile ya zamani ambayo misafara ya pembe ilipita kwenda pwani. Tulilima tumbaku. Serikali ilitaka kila mkulima wa nchi hii alime tumbaku, na vidukari nao walitaka kula kila jani la tumbaku hiyo, kwa hiyo ikaletwa dawa mpya. Ilikuwa na rangi ya kahawia na harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Kabla ya kuuzwa kwa wakulima wadogo, kamati ya wataalamu kutoka Dar es Salaam ilipaswa kuamua kama ni salama mikononi mwa Mwafrika. Kamati ingeamua kwa kusoma daftari la majaribio. Na mwenye kuandika daftari hilo kila siku, kwa mwandiko mzuri ambao bado unasifiwa, nilikuwa mimi, Bwana Shamba.

Mkubwa wangu alikuwa Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kipimo, maana alipima kila kitu: mvua, urefu wa jani, upana wa tuta, hata kivuli chake naamini alikipima. Ndiye aliyechora mistari ya daftari. Palikuwa na nafasi ya tarehe, nafasi ya idadi ya matuta yaliyopuliziwa, nafasi ya idadi ya wapuliziaji, na mwisho nafasi ya malalamiko.

"Kama mtu akilalamika, andika," aliniambia. "Asipolalamika, andika hakuna."

Nilikubali. Hata mimi niliona huo ni utaratibu wa kitaalamu.

Wapuliziaji walikuwa sita, wote Wanyamwezi, wote wajukuu wa wapagazi. Hapa inabidi nieleze jambo ambalo Bwana Kipimo hakulijua, na ambalo mimi nililijua tangu sijaota meno. Babu yangu alikuwa kirangozi, mtu anayetangulia mbele ya msafara. Alifika pwani mara nyingi kuliko mapadre wetu walivyofika kwao. Alitufundisha kwamba mpagazi hatui mzigo njiani. Akiumwa, hatui. Miiba ikimchoma, hatui. Anautua kambini, mbele ya wenzake, na hapo ndipo anaitwa mwanamume. Anayetua njiani huimbiwa wimbo mpaka uzee wake, na watoto wake huimbiwa. Misafara imekwisha, garimoshi limechukua mizigo yote, lakini jambo hilo halikwisha. Liko katika namna tunavyobeba jeneza, magunia, debe la maji.

Siku ya kwanza ya kupuliza niliwakusanya wapuliziaji nikawaambia, kwa fahari kubwa, "Babu zenu walibeba pembe mpaka baharini. Ninyi mtashindwa na bomba la maji mpaka mwisho wa tuta?"

Wakacheka, wakayavaa mabomba. Mkubwa wao, Maganga, mtu mwenye mabega kama mlango, akasema, "Bwana Shamba, hili ni la kubebwa na watoto. Lete la watu wazima."

Mabomba yalikuwa ya zamani, yametoka kwenye shamba la pamba huko Nzega. Viungio vyake vililegea. Kufikia juma la pili, kila mtu alirudi na doa kubwa la unyevu kutoka mabegani hadi kiunoni. Glavu zilikuja jozi mbili kwa watu sita, zikachanika kabla ya Krismasi. Niliandika barua kuomba nyingine. Bwana Kipimo alijibu kwamba zimeagizwa.

Siku moja nilimwona Maganga nyuma ya banda anatapika, amejishikilia nguzo, jasho linamtiririka.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Homa tu, Bwana Shamba. Mvua hizi."

"Unaweza kuendelea?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Akafuta kinywa, akavaa bomba, akaenda. Nami nikafungua daftari nikaandika: malalamiko, hakuna. Kwa mkono huu huu.

*

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekolea, wakaja wageni kutazama shamba: mabwana wa tumbaku na wake zao wenye miavuli. Bwana Kipimo alitaka waone dawa inavyotumika. Nikaona ni nafasi yangu. Nikavua koti, nikamwambia Maganga, "Leo nabeba mwenyewe." Nilitaka waone kwamba mwenye diploma haogopi kazi ya mikono. Naam, na nilitaka wake zao wasikie Kiingereza changu nikiwa na bomba mgongoni.

Matuta yalikuwa marefu. Sikumaliza hata tuta la kwanza, nikasikia ubaridi ukishuka uti wa mgongo, taratibu, mpaka ndani ya suruali. Nilijua ni nini. Nilijua kuliko mtu yeyote pale, nilikuwa nimeisoma karatasi iliyobandikwa kwenye debe la dawa. Wageni walikuwa wanatazama. Maganga na wenzake walikuwa wanatazama. Nikapuliza mpaka mwisho, nikageuka, nikaanza la pili. Nilipofika la nne, jua la saa sita likaanza kuwa giza. Nilidhani wingu limepita. La sita nililimaliza huku mate yakinidondoka kifuani. Nikafika kwenye banda, nikatua bomba mahali pake, vizuri, wima, nikaanguka.

Mgeni mmoja wa kike alisema, "Poor man, it's the heat." Hayo, kwamba ni joto tu, ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia pale shambani, na yaliniudhi hata nikiwa chini.

*

Walinipakia kwenye lori la mbolea mpaka hospitali. Ninachokumbuka ni nyama za mwili wangu zikirukaruka zenyewe, kwenye mapaja, kwenye kope, kama kuku aliyechinjwa. Sikuweza kuvuta pumzi pasipo kuitafuta. Nilijichafua, tena mbele ya watu. Mtu mwenye suti ya kijivu.

Aliyenipokea alikuwa dresa wa wodi, yaani mfunga vidonda, Ndahani, Mgogo wa Dodoma. Msomaji anajua kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, maana njia yetu ilipita kwao na maji yao tuliyanunua kwa matusi. Alinivua nguo zote, akanimwagia maji ya sabuni ndoo baada ya ndoo, akinisugua kama sufuria, huku akimwita daktari kwa sauti kubwa. Na kinywa chake hakikupumzika.

"Haya, njooni muone! Tangu lini Mnyamwezi akabebwa? Kumbe mnabebeka!"

Sikuweza kumjibu. Nilitoa povu tu.

"Usife, bwana," akasema, sasa karibu na sikio langu. "Ukifa watasema Mgogo ndiye aliyekuua, na mimi sina ng'ombe wa kulipa."

Kisha zikaja sindano. Siwezi kusema ngapi. Nilihesabu mpaka nikapotea. Kila sindano ilinikausha kinywa hadi ulimi ukawa kama gome la mninga, na macho yakafunguka yakakataa kufumba. Niliwaona wapagazi wakipita ukutani mmoja mmoja, nami nikawahutubia kwa Kiingereza. Ndahani aliniambia baadaye kwamba hotuba ilikuwa nzuri, ila hakuna aliyeielewa, hata daktari.

Siku ya nne nilimtambua mke wangu, Kalunde, ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani ni kilio.

"Usilie," nikamwambia. "Nitapona."

"Silii," akasema, na akageuza uso.

Nilitoka hospitali mwanzoni mwa Februari. Tulikaa mtaa wa Cheyo, katika nyumba ya bati niliyoijenga mwenyewe, diploma imetundikwa ukutani mkabala na mlango ili mgeni asipate taabu ya kuitafuta. Majirani walikuja kunipa pole. Nikawaambia nimeshinda. Nikawaambia mtu mwenye elimu anajua namna ya kuugua.

Juma la tatu, asubuhi, nilisimama kwenda kunawa na miguu ikakataa. Haikuuma. Ilikuwa kama ya mtu mwingine, imeshonewa kwangu kwa makosa. Kiatu kilidondoka na sikuhisi. Nilianguka mbele ya Kalunde, na beseni likaanguka juu yangu.

Hivyo ikaanza miezi ya benchi. Jumanne na Ijumaa. Anayeugua ugonjwa huu ajitayarishe kwa benchi kuliko sindano. Benchi la nje la hospitali yetu lilikuwa la mbao ngumu, limeng'arishwa na makalio ya wagonjwa, na lilitazama bustani ya mganga mkuu ambako mtu mmoja kazi yake ilikuwa kumwagilia maua wakati mvua inanyesha. Nilimchukia mtu huyo. Kalunde alinisukuma mpaka pale kwa baiskeli yangu, mimi nimekaa kwenye kiti cha nyuma kama gunia, miguu inaburuta. Nilivaa suti. Watu wa mtaa wa Chemchem waliosimama kunitazama hawakuwa wale wa Ng'ambo walionitazama siku niliporudi, lakini mimi niliona ni macho yaleyale.

Ndani, Ndahani alinifundisha kutembea katikati ya fito mbili. "Nyanyua goti, mwenye diploma. Goti! Hata korongo anajua."

Mama alikuja kutoka kijijini na debe la asali. Aliiangalia miguu yangu, kisha diploma.

"Mwanangu, nani anakuonea wivu kazini?"

"Mayu, si wivu. Ni dawa ya tumbaku."

"Dawa inaponya. Kinachovunja miguu si dawa, ni mkono wa mtu. Kuna mfumu kule Sikonge..."

"Siendi kwa mfumu!" Nilipiga kelele hata kikombe kikatikisika. "Nimesoma miaka yote hiyo niende kupigiwa ramli?"

Kalunde alikuwa mlangoni. "Usimpigie mama yako kelele," akasema kwa upole. "Elimu yako ilikuwa wapi bomba lilipovuja?"

Hatukusemezana siku mbili. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba anashika kijiko kwa mikono miwili. Nilimuuliza. Akasema si kitu. Nikamuuliza tena, nikamuuliza kwa ukali, na mwishowe akaniambia: siku ile nilipoanguka, dereva wa lori alimletea nguo zangu zimefungwa kwenye gunia. Alizifua kwa mikono, kwenye beseni, zaidi ya mara moja, kwa sababu harufu haikutoka. Kwa siku tatu aliona ukungu machoni na mikono ikatetemeka. Alikuwa ameketi kwenye ule mkeka hospitalini, hatua mbili kutoka kwa dresa, na hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unaumwa," akasema. "Ningetuaje mimi tena?"

Niliyajua maneno hayo yanakotoka. Babu yake naye alikuwa mpagazi.

*

Mvua zilipokaribia kwisha, Bwana Kipimo alikuja Cheyo na gari lake. Alikuwa na daftari langu na karatasi iliyopigwa taipu. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akanywa chai ya Kalunde, akanipa pole kwa Kiswahili safi. Sitamsingizia ukatili. Alikuwa mtu aliyetaka kazi yake iishe.

"Kamati inakuja mwezi ujao," akasema. "Nimeandika muhtasari wa daftari. Nataka sahihi yako tu."

Nikasoma. Karatasi ilisema dawa imepuliziwa msimu mzima na wafanyakazi wenyeji bila malalamiko hata moja. Kwamba mwandishi wa daftari alipatwa na ugonjwa wa miguu usiohusiana na kazi. Kwamba inapendekezwa dawa iuzwe kwa wakulima wadogo wote wa wilaya kuanzia mvua zijazo.

"Usiohusiana?" nikasema.

"Miguu yako iliharibika wiki tatu baada ya kutoka hospitali. Hakuna mtaalamu atakayekubali kwamba ni dawa."

"Na Maganga? Alitapika."

"Umeandika hakuna." Akaligeuza daftari kuelekea kwangu, akafunua kurasa moja moja, kwa adabu. "Hapa. Na hapa. Mwandiko ni wako. Nafasi ya bwana shamba mkuu msaidizi iko wazi, na nimelitaja jina lako. Sitaki kamati idhani kwamba uliandika uongo."

Aliacha karatasi mezani. Nawaambia ukweli: kalamu niliishika. Nilikuwa nimeitaka nafasi ile tangu Uganda. Lakini baba yangu mdogo alikuwa amekwisha kata miti kwa ajili ya shamba la tumbaku, na nusu ya kijiji walikuwa wanamfuata. Wangepewa dawa ile na mabomba yale, na wasingesema neno. Nikairudisha kalamu mezani bila kutia sahihi.

Ijumaa iliyofuata nilimwonyesha Ndahani karatasi, katikati ya fito. Alisoma polepole.

"Bila malalamiko," akasema. "Watu sita, msimu mzima. Kweli hii?"

"Kweli. Hakuna aliyelalamika. Sisi hatulalamiki chini ya mzigo." Nilisema hivyo kwa majivuno. Sikuweza kujizuia.

Ndahani hakucheka. "Bwana we, kwetu tuna punda. Punda akizidiwa, analia. Akizidiwa zaidi, analala chini na mzigo wake, umpige usimpige. Ndiyo maana punda wetu wanazeeka." Akanirudishia karatasi. "Wazungu wamemtafuta mnyama asiyelia, wakampata Tabora. Goti, nyanyua."

Mtu mwingine angenitamkia hayo ningempiga kwa fimbo. Mtani hapigwi. Nilirudi nyumbani na maneno yake kichwani, na usiku wote sikuwa na raha.

Niliwaita Maganga na wenzake. Walikuja Jumapili baada ya misa, wakaketi ukumbini wamejibana, kofia mkononi. Nikawaona vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari. Maganga alikuwa amekonda mabega. Mmoja alikuwa anakohoa. Wa tatu alishindwa kuingiza mguu kwenye kiatu alipotaka kutoka, akacheka.

"Nani aliugua?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Maganga. Nakuuliza."

"Tuliugua wote, Bwana Shamba. Kila tulipopuliza."

"Mbona hamkusema?"

Akainua macho. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Tungesemaje? Wewe ndiye uliyesema babu zetu walifika baharini."

*

Kamati ilikuja shambani mwezi Mei, upepo wa kiangazi umeanza. Wazee watatu, meza ndefu chini ya banda la kukaushia, majani ya tumbaku yananing'inia juu ya vichwa vyao. Wafanyakazi walisimama pembeni. Ndahani alikuja nami kama mtu wa kunishika. Kusema kweli alikuja kuona. Nilivaa suti. Nilitembea mwenyewe kutoka kwenye gari mpaka mezani kwa fimbo mbili, pap, pap, na sikumruhusu mtu anishike.

Mwenyekiti, ambaye nilikuwa nimemwandikia kwamba watu waliugua, alifungua daftari. "Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Umeandika hakuna malalamiko. Sasa unasema watu waliugua. Uliandika uongo?"

"Hapana. Hawakulalamika. Na waliugua. Yote mawili ni kweli."

Nikaeleza habari ya mzigo. Nilieleza kwa Kiingereza bora kuliko cha yule mzee wa kushoto, ambaye alikuwa anatafuna maneno. Walinisikiliza kama watu wanaosikiliza hadithi ya sungura.

"Haingii akilini," mwenyekiti akasema. "Mtu akihisi sumu mgongoni, atatua. Ni tabia ya maumbile."

Akataka kuona. Yakaletwa yale mabomba, yakajazwa maji matupu. Wapuliziaji sita wakayavaa. Bwana Kipimo akawatangazia, kwa Kiswahili kilichoeleweka kabisa: tembeeni mpaka mwisho wa tuta na kurudi, yeyote atakayehisi maji mgongoni asimame pale pale atue.

Wakaondoka. Kabla ya hatua ishirini mashati yote sita yalikuwa yameloa. Tuliona sote. Maji yalishuka mpaka kwenye visigino. Wakaenda mpaka mwisho, wakageuka, wanarudi, shingo zimenyooka, na mmoja wao akaanza wimbo wa wapagazi wa kutembea na wengine wakamwitikia. Wake zao waliokuja kuangalia wakapiga vigelegele. Bwana Kipimo akainama kuandika, na nilijua anachoandika.

"Tueni!" nikapiga kelele. "Ni amri! Tueni!"

Maganga alinisikia. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayejaribiwa na rafiki, akaongeza mwendo.

Hapo nilikasirika kama sijawahi kukasirika maishani. Niliwakasirikia wao, na babu yangu kaburini, na wazee wale watatu, na mwandiko wangu. Palikuwa na bomba la saba, la akiba, lililojaa. Nikatupa fimbo. Ndahani akataka kunizuia, kisha akaniangalia usoni, akanivisha mikanda mwenyewe.

"Tembea, korongo," akasema.

Nikaingia kwenye tuta kuwakabili. Hatua moja. Mbili. Maji yalianza kunishuka mgongoni na mwili ukakumbuka Januari. Wimbo ukapungua. Hatua ya saba tulikuwa uso kwa uso na Maganga. Nikafungua mikanda, mbele yake, mbele ya wake zao, katikati ya njia, na nikatua.

"Limevuja," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mezani. "Mgongo wangu umeloa. Naumwa. Natua."

Hakuna aliyeimba. Mwanamke mmoja aliguna kama aliyeona mtu uchi. Maganga alilitazama bomba langu pale chini, akanitazama mimi mjukuu wa kirangozi, midomo ikimcheza. Kisha akashusha mkanda wa kulia. Akashusha wa kushoto.

"Na mimi limevuja," akasema, kwa sauti ndogo mno kwa kifua kile.

Wakatua wote sita. Nyuma yetu Ndahani akapasua kicheko: "Wanyamwezi wametua njiani! Nakwenda kuwaambia Dodoma!" Na Maganga, huku machozi yanamtoka, akamrudishia tusi ambalo siwezi kuliandika kwa sababu padre atasoma.

*

Uamuzi ulikuja kabla ya mvua. Dawa haitauzwa kwa wakulima wadogo. Mashamba makubwa yataendelea kuitumia, kwa glavu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "uzembe wa wafanyakazi wenyeji katika kubeba vifaa." Uzembe! Hakuna neno juu ya viungio vilivyolegea, wala juu ya mistari ya daftari, wala kuhusu glavu jozi mbili. Nafasi ya msaidizi alipewa mtu mwingine, asiye na diploma. Mimi nimewekwa kwenye ghala la mbegu, ambako nahesabu magunia ya karanga na kuwaambia panya mambo ya Uganda.

Baba yangu mdogo amelima tumbaku yake bila dawa ile. Vidukari wamekula sehemu, naye ananilaumu mimi. Yuko hai, ananilaumu kwa nguvu zote.

Kwa hiyo, wewe unayekaa kwenye benchi: miguu huchelewa kufa na huchelewa kufufuka. Yangu ilianza kusikia ubaridi wa sakafu mwezi Agosti, kidole gumba kwanza. Paka mafuta, nyanyua goti, usimpigie mama yako kelele. Nguo za bomba zisifuliwe na mtu, zichomwe. Na asubuhi, kabla lori la mashamba makubwa halijawachukua watu pale Ng'ambo, utanikuta na baiskeli yangu na daftari jipya. Mistari nimeichora mwenyewe. Nafasi ya malalamiko imechukua ukurasa wote. Mwanzoni hakuna aliyenijibu, walinicheka, wakaniimbia ule wimbo wa waliotua. Sasa wanakuja. Maganga husimama kando yangu, na mtu akisema "si kitu" yeye humwambia, "Nimetua mimi, wewe nani?"

Lakini mtu wa kwanza kuandikwa humo hakuwa wa shamba. Siku niliyolileta daftari nyumbani, Kalunde alikuwa anarudi kisimani na debe la maji kichwani. Alipoliona, alisimama katikati ya uwanja, hatua kumi kutoka mlangoni, majirani wanaangalia. Akatua debe chini.

"Mikono inatetemeka bado," akasema. "Tangu lile shati. Andika, mwenye diploma."

Nikaketi kizingitini nikaandika, na mwandiko, kwa mara ya kwanza, haukuwa mzuri.